Soma Huku Unaogopa

Mwanangu, katika siku zote za ujana wangu, ninayoikumbuka zaidi ni ile niliyokataa kusoma sala kwa sababu ya kitabu. Nakusimulia kwa kuwa nina wasiwasi na wewe. Tangu uanze chuo unasoma sana, nami nafurahi, lakini likizo hii wakati wa sala unakaa kimya, na nikiingia chumbani unakifunika kitabu. Nimeshindwa kukuuliza. Naogopa jibu.

Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo kwetu Ijumbi. Mama alikuwa amelazwa Bukoba mjini, na kila jioni majirani wa jumuiya walikuja kumwombea. Walikaa kwenye nyasi tulizotandika sebuleni, wakapitishiwa kahawa ya kutafuna, kisha mimi nikasoma sala ya wagonjwa. Kwetu msomaji alikuwa mtoto wa nyumba yenye mgonjwa, kama anajua kusoma. Niliringa kwa kazi hiyo, usinione hivi.

Sasa, nilikuwa nimeazima riwaya shuleni. Ndani yake mama mmoja anamwombea mwanawe mpaka sauti inamkauka, na mtoto anakufa. Niliimaliza nikiwa nimejificha kibanjani, kati ya migomba, nikatoka mle na swali moja. Kama yule hakusikilizwa, sisi je? Halafu likanijia wazo baya zaidi: nikisoma nikiwa na shaka, sala itaharibika mdomoni mwangu, na mama atakufa kwa sababu yangu. Jioni ile nikasema koo linaniuma. Kesho yake koo tena. Baba akanichemshia majani machungu ajabu, nikayanywa.

Katekista wetu, mzee tuliyemwita Ta Kamugisha, hakudanganyika. Alikuja mchana, akanikuta nachambua maharage huku nawafukuza kuku.

"Koo gani hili linalogombana na kuku vizuri hivyo?" akauliza.

Nikaangua kilio, nikamletea riwaya. Nilijua ataichoma, au ataipeleka kwa padri. Yeye akaomba kiti, akavaa miwani, akasoma kurasa nilizomwonyesha, taratibu kweli, na mimi nimesimama pale nahesabu kurasa anazofunua.

"Aliyeandika hapa amefiwa," akasema mwishowe. "Hamtukani Mungu, analia. Wewe umemkimbia Mungu, ukatukimbia na sisi. Mwana wange, nani alikwambia sala husomwa na asiyeogopa? Leo utasoma. Ukiogopa, soma huku unaogopa. Hata sisi tunaogopa."

Nilisoma. Sauti ilitetemeka mpaka mstari wa mwisho, na hakuna aliyenicheka.

Mama hakupona. Wakati wa msiba watu waliniambia ninyamaze, ni mapenzi ya Mungu. Nikaifungua tena riwaya ile, nikamkuta yule mama bado analia, nikaona angalau kuna mtu anayenielewa. Kitabu cha sala na riwaya nikavilaza chini ya mto mmoja. Yote niliyoandika baadaye, hata yale unayonicheka kwenye jarida la parokia, yametoka kati ya vitabu hivyo viwili. Imani yangu nayo imetoka hapo hapo. Ina woga ndani yake mpaka leo, sikufichi.

Kwa hiyo, mwanangu, soma. Soma hata kinachokunyima usingizi. Ila kikikutikisa, usijifungie nacho. Tafuta mtu umwambie, na usidhani shaka yako itamdhuru mtu yeyote nyumbani humu. Kama umeacha kusali, niambie mwenyewe, nisiambiwe na jirani. Nitatetemeka, lakini sitakufukuza. Jioni ya leo leta hicho unachokifunika, tukae, unisomee, maana macho yangu yamechoka.

Mungu akulinde kila unapofunua ukurasa, akupe watu wa kulia nao. Na siku ukikosa neno la kumwambia, akusikie hivyo hivyo ulivyo kimya.