Mgeni Aliyeondoka Bila Chai

Kitabu hiki bado kinanuka moshi wa jikoni kwa shosho, nyanya yangu, kule Molo. Kiliandikwa kutokana na kipindi cha TV tulichokipenda sote, cha nesi wa kijijini. Shosho hakujua kusoma, kwa hivyo nilimsomea akimenya viazi. Nilipofika mahali nesi anamwacha mgeni aende bila chai, kisu chake kikasimama.

"Huyo si yeye," akasema. "Yule wetu hawezi. Rudia, na umpe mgeni chai."

Nikarudia, nikaongeza birika, maziwa mengi, hata viazi moto. Shosho akaendelea kumenya.

Leo binti yangu amefika ukurasa uleule. Ananiangalia amekunja uso.

"Mama, kwani mgeni ameenda hivyo tu?"

Namtafutia penseli, naye ampe mgeni chai.