Vipimo vya Kuyili

Kuyili alikufa kwa homa ya matumbo, hajawahi hata kupigwa picha. Kabla hajabebwa kwenda kuchomwa, baba yake, Thandapani, alichana ukanda wa jani la mnazi, akaulaza juu ya mwili wake na kuukunja penye kidevu, kitovu na magoti. Wanawake waliokuwa wakilia walinyamaza. Mafundi wa sanamu wa Swamimalai, mji wa kusini mwa India, naye akiwa mmoja wao, hupimia jani la namna hiyo, lakini hupimia miungu, si marehemu.

Baadaye hekalu moja likaagiza sanamu ya shaba ya mungu wa kike Parvati. Thandapani akafinyanga kwanza kiolezo cha nta, kwa kufuata jani la bintiye. Shingo ikawa fupi, mikono mirefu kidogo, na uso nao ukajileta wenyewe. Mkewe, Valliammai, alipoingia na chai karakanani, kikombe kilimponyoka.

Mkuu wa karakana alikuwa Sambandam, kaka yake Thandapani. Alikuja na jani lake la vipimo vya miungu.

“Shingo imekwenda wapi? Umeimeza?” Kisha akautazama uso, utani ukamkauka mdomoni. “Mdogo wangu, huyu si Kuyili?”

“Niachie, kaka.”

“Watu wamsujudie mtoto wetu? Sanamu yenye kasoro huleta njaa mji mzima, unajua wewe!”

“Najua. Ila sina kingine cha kwake.”

“Mimi je, sikumbeba yule mtoto?”

Machozi yalimlenga Sambandam, lakini nta aliitia sufuriani iyeyuke na jani la Kuyili akalitupa motoni. Ulikuwa ukatili mtupu, na hakuna fundi pale ambaye angefanya vingine.

Thandapani akafinyanga Parvati wa pili, sahihi kabisa. Hekalu lilimpokea kwa ngoma na maua. Thandapani mwenyewe hakwenda.

“Baba Kuyili,” mkewe akambembeleza, “mfinyange tena. Awe wa ndani tu, wa kwetu. Nani atampima?”

Alianza asubuhi, roho juu. Bila jani la kumwongoza, kila alipoifupisha shingo, vidole viliirefusha. Tangu utotoni havikufundishwa mwili mwingine ila wa miungu. Alifumba macho kumtafuta binti yake, akaja yule wa hekaluni, mzuri, asiye mtoto wa mtu. Jioni alimweka mbele ya mkewe.

Valliammai alimgeuza huku na huku, akitafuta.

“Mzuri,” alisema, akamrudishia. “Lakini huyu simjui.”