Kisicho Hai Kinakufaje

Wanafunzi wenzake walimpachika binti yangu jina la Maini, na jina likamkaa kama nguo ya kushonewa. Alikuwa mwaka wa mwisho wa baiokemia katika chuo kikuu cha kanisa letu, chuo kile kile ambako mimi nafua makoti meupe ya maabara na vitambaa vya meza za bwalo. Mradi wake wa kuhitimu ulikuwa wa maini ya ng'ombe. Ndani ya maini, alinieleza, mna kimeng'enya kinachovunja sumu mwilini. Kazi yake ilikuwa kukitoa humo, kukitenga na takataka nyingine zote, kisha kukipima nguvu.

"Kumeng'enya nakujua," nilimwambia. "Si ndiyo kazi ya tumbo?"

"Basi mama umeshamaliza nusu ya kozi."

Ndivyo alivyo. Hajawahi kunicheka kwa kutosoma. Mimi niliondolewa shuleni nikiwa bado nahesabu kwa vijiti, ili mdogo wangu wa kiume apate kusoma, na jambo hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mdogo wangu huyo, niliyembeba mgongoni, sasa ndiye mkuu wa utawala wa chuo. Hunipita kwenye kamba za nguo akaniambia "Habari za kazi," sawasawa na anavyowaambia wafuaji wengine. Watu husema mjomba ni mama. Labda wa wenzetu.

Maini tuliyafuata buchani asubuhi, yakiwa bado na joto la mnyama. Muuza nyama alituzoea.

"Mama Maini, mnakula haya yote na bado hamnenepi?"

"Tunakula kwa macho," nilimjibu.

Binti aliyatia kwenye barafu akakimbia nayo maabara. Huko aliyasaga, akayachuja, akayazungusha kwenye mashine, akatia chumvi, akachukua kilichozama na kuanza tena. Kila hatua ilipunguza. Ndoo ikawa jagi, jagi likawa kikombe, na mwisho wa muhula kazi yote ilikuwa vichupa vichache vinavyoenea kiganjani, vina maji ya rangi ya chai hafifu. Vilikaa ndani ya friza. Jumatatu angevitoa mbele ya walimu, atie tone ndani ya dawa, povu lipande, alipime, amalize masomo. Bila povu angerudia mwaka, na ufadhili wa kanisa haumlipii mtu anayerudia.

Chuo chetu hushika siku ya mapumziko, toka jua kuzama hadi jua kuzama tena. Siipingi, ndiyo siku pekee mikono yangu hukauka. Maabara hufungwa, na funguo zote hupelekwa kwa mkuu wa utawala. Friza huachwa zikinguruma zenyewe. Lakini wiki ile bili ya umeme ilikuwa imemchoma mdogo wangu, akatoa agizo jipya: jengo lisilo na watu lizimwe swichi kubwa. "Kila kitu kipumzike," aliwaambia mafundi wa umeme na walinzi. Walimu hawakuambiwa. Wanafunzi ndio kabisa.

Asubuhi ya ibada binti alipita dirishani pa maabara, akaona taa ya kijani ya friza haiwaki, na maji yanatambaa sakafuni. Alikuja mpaka kwenye benchi nililokaa, akaniinamia sikioni. Mwalimu wake alikuwa amesafiri. Na hata angekuwepo, ufunguo asingekuwa nao.

Tulimsubiri mdogo wangu mlangoni mwa kanisa. Alitoka na wazee wa kanisa, wamemzunguka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona mmenivizia kama mgambo?"

Wazee wakacheka. Binti akaeleza. Hakulia, hakupandisha sauti, alieleza kama anayejibu mtihani.

"Jua likizama nitakuja kufungua mwenyewe," mdogo wangu akasema.

"Jua likizama vitakuwa vimeharibika, mjomba. Ni kuwasha swichi tu. Hata mnyama akitumbukia shimoni siku kama ya leo, anatolewa."

"Hapo binti kasema neno," mzee mmoja akaitikia.

"Mnyama ni kiumbe hai," mdogo wangu akamjibu yule mzee, kisha akamgeukia mwanangu. "Hicho kimeng'enya chako kiko hai?"

Nilimtazama mwanangu. Sema ndiyo, nilimwambia kwa macho. Sema kiko hai, kinapumua, kina mama na watoto. Nani katika wale wazee angejua?

"Hapana, mjomba. Si kiumbe. Ni protini tu. Ila kikipata joto kinakufa."

"Kisicho hai kinakufaje?"

Wakacheka tena, si kwa ubaya, kama watu wazima wanavyomcheka mtoto aliyejikwaa kwenye maneno yake.

"Ndivyo tunavyosema maabara," akajaribu. "Kinapoteza umbo, hakifanyi kazi tena."

"Basi kimeacha kazi siku ya mapumziko. Kinatii kuliko wewe."

Hapo hata yule mzee aliyemuitikia alishika mbavu.

"Mdogo wangu," nikasema, "funguo ziko mfukoni mwako. Nazisikia zinagongana."

"Dada, usinivunjie heshima mbele za watu. Nikimfungulia mtoto wa dada yangu, kesho nitamkatalia nani?"

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Neno lake lilikuwa zuri masikioni. Tangu apate cheo sijawahi kuonja upendeleo wake hata wa kulamba. Siku hiyo ndiyo nikanyimwa haki kwa jina la upendeleo.

Tukaenda kusimama dirishani. Mlinzi alituletea benchi, akasema, "Ningekuwa na ufunguo, mama," akaondoka haraka asiulizwe la swichi. Nilizitazama nondo za dirisha. Ni nene, fundi aliyezichomea hakudanganya. Jua likapanda juu ya bati, na maji ya friza yakafika mlangoni, yakapita chini yake, yakatulowesha viatu.

"Mle ndani sasa kunafanyika nini?" nilimuuliza.

"Kila kimoja kimekunjwa kwa namna yake, mama, kama uzi. Joto linakikunjua. Kikishakunjuka hakirudi."

"Kama yai likichemka?"

"Kama yai."

Akaniambia niende nyumbani nikale. Sikwenda. Kwenda kungekuwa na faida gani, na kukaa kulikuwa na faida gani, sijui mpaka leo.

Jua lilipozama mdogo wangu alikuja kama alivyoahidi, hakuchelewa hata kidogo. Vichupa vilikuwa vimetandwa na ukungu. Binti akatia tone ndani ya dawa. Mapovu mawili matatu yakapanda, yakapasuka, basi. Akajaribu kichupa cha pili, na cha tatu, mpaka vikaisha.

"Pole sana, mwanangu," mdogo wangu akasema akiwa mlangoni, hakutaka kukanyaga maji. "Mungu hamtupi mja wake."

"Asante, mjomba."

Jumatatu mwalimu wake alirudi, akapiga meza, akagombana na ofisi nzima. Walimu wenzake walimsikitikia. Lakini bila vipimo hakuna alama, na bila alama hakuna shahada. Wakaandika arudie mwaka. Ufadhili ukakatwa wiki hiyo hiyo.

Siku ya mapumziko iliyofuata, mdogo wangu alisimama mbele, akaomba kanisa liwakumbuke vijana wanaopitia majaribu masomoni. Hakutaja mtu, na kila mtu alijua. Watu wakageuka kidogo kututazama, kisha wakainamisha vichwa. Aliomba vizuri, maneno yamepangwa moja moja. Ile shule niliyomwachia haikupotea. Alipomaliza kanisa zima likaitikia amina, na pembeni yangu nikasikia sauti ya mwanangu, safi kabisa, ikisema amina pamoja nao. Yangu ilikataa kutoka.