Risasi Zisizofuata Mkono

Naikumbuka siku moja kuliko nyingine, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyoacha kuuamini mkono wangu wa kulia.

Umeniuliza kama katika gemu unayotengeneza risasi zitawanyike kwa bahati, au zifuate mpangilio ambao mchezaji anaweza kujifunza. Mimi ni baba yako mdogo, mvi zangu bado chache, na sipendi kutoa nasaha eti kwa kuwa nilizaliwa kabla yako. Lakini swali hili lilishapita nyumbani kwetu, mtaa wa Sakina, wewe hujaanza shule, na baba yako hayupo tena akujibu.

Nilikuwa nasoma elektroniki chuoni nilipopata ajali ya pikipiki, mkono wa kulia ukavunjika. Mfupa uliunga, vidole vikabaki kama vya mtu mwingine. Wakati huo baba yako, Aminieli, alikuwa ametengeneza gemu ya kupigana kwa bunduki, vijana wa mtaani wakishindana kwenye simu zao. Bunduki ikifyatua mfululizo, mdomo wake ulipanda juu kisha ukavutika kushoto, kila mara vilevile. Nikajifunza kuushusha kwa kidole gumba, polepole, hadi risasi zikawa zinatua nilipotaka. Daktari alikuwa na maneno yake. Mimi mkono niliupima pale kwenye gemu. Zilipoanza kutua vizuri, nikathubutu kulehemu nyaya tena.

Tatizo ni kwamba wachezaji wageni walishindwa kila mara, wakaacha kucheza. Baba yako akawahurumia. Akabadilisha gemu, risasi zikawa zinatawanyika ovyo, na hakutuambia. Usimlaumu sana. Alidhani anafungua mlango.

Jumamosi iliyofuata tulishindana uani kwetu. Nikashusha kidole kama kawaida, risasi zikaenda kulia. Nikarekebisha, zikapaa.

"Oya, mzee wa shabaha, leo umekula nini?" jirani yetu Gifti akanicheka. "Huyo hata bibi yako angempiga!"

Sikucheka. Niliutazama mkono, nikaamini unakufa upya. Jumatatu nikaaga chuo.

Aminieli aliposikia, alikuja chumbani kwangu. "Mdogo wangu, si mkono wako. Ni mimi." Sikuongea naye tena, hadi alipokuja na jani la isale mbele ya bibi yetu. Unajua kwetu Wachaga: ukiletewa jani hilo, huna ruhusa ya kukataa kusamehe.

"Sasa bibi," nikauliza, "kama siruhusiwi kukataa, huo ni msamaha gani?"

"Wewe na maswali yako! Mwenye kosa asipojua kama atapokelewa, atapigaje hodi? Kuna mambo mtu lazima ayajue kabla hajainua mguu."

Nililipokea jani. Nilimsamehe kweli. Baba yako akazirudisha risasi kama zilivyokuwa, zikatii kidole, lakini mimi niliishuku kila moja. Nilirudi chuo; kulehemu sikuweza tena, nikahamia fani nyingine. Naye hakutengeneza gemu nyingine hadi tulipomzika. Nilitaka kumwambia atengeneze. Kila nilipopanga kusema, niliona atadhani namkumbusha kosa lake.

Kwa hiyo nisikilize, halafu bishana nami ukitaka. Bahati si adui. Silaha ipatikane wapi, adui atokee upande gani, hapo weka bahati, kwa sababu mtu anaiona na kuijua. Ila akishabonyeza, matokeo yamjibu yeye. Kama ni lazima risasi zitawanyike, mwambie kabla hajaanza. Wageni wahurumie kwa kuwakutanisha na wageni wenzao, usiwahurumie kwa kumnyang'anya mwingine alichojifunza. Hujui mtu anapima nini ndani yake anapocheza kazi yako. Mimi sikumwambia baba yako nilichokuwa napima, naye hakuuliza.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe wachezaji wanaogombana nawe na bado wanarudi, na akujalie uzee ambao baba yako hakuufikia.