Mshenga wa Mizani ya Kahawa

Likizo ile sikutaka kwenda Muleba. Mtaani kwetu Bilele kuna umeme, kuna wenzangu, kuna ukuta wa kukalia na kuwasema wanaopita. Lakini shangazi yangu, ambaye ninaishi kwake ili nisome Bukoba mjini, alisema tunakwenda kwa Babu, na mtu anayekupikia huwezi kubishana naye sana.

Kwa Babu, jirani na Rubya, kibanja cha migomba na kahawa kimeshonana mpaka mchana wenyewe unakuwa wa kijani. Ukikaa uani unaona mwanga ukishuka polepole kati ya migomba kama umechoka safari. Kahawa inakauka kwenye mikeka, na harufu yake tamu yenye uchachu inakupanda kichwani mpaka hujui kama umelala au unafikiri. Mimi tofauti hiyo sijawahi kuihitaji, hata darasani.

Shangazi alikwenda kikazi. Kampuni inayonunua kahawa ilimtuma aunganishe mizani ya kikundi cha wakulima na mfumo wa kompyuta ulioko Bukoba, na Babu ndiye mwenyekiti wa kikundi. Babu akikataa, wanachama wote wanakataa. Wakikataa, shangazi hana kazi, maana mkataba wake ulikuwa wa majaribio.

"Kwa hiyo wewe huko usifungue mdomo," aliniambia njiani.

Nilimwahidi. Ahadi zangu anazijua.

Babu alitukaribisha kwa akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni hutafuna kabla ya maneno yoyote. Shangazi akatafuna, akakaa vizuri, akaanza kwa kumwita baba kwa Kihaya.

"Taata, kwenye mizani kuna mfumo chanzo. Bukoba kuna mfumo pokezi. Katikati tunaweka adapta. Adapta inachukua ujumbe, inaupitisha kwenye ramani, kisha unakaa kwenye foleni."

"Ramani," Babu alisema. "Kwani nani amepotea?"

Shangazi akaeleza upya, kwa maneno marefu zaidi. Babu akawa anatazama mikeka yake. Mimi nikaanza kuelea. Niliona uzito wa magunia ukitoka kwenye mizani kama ukungu, ukipanda juu ya migomba, ukivuka vilima mpaka Bukoba, ukifika mlangoni kwa watu wasiojua lugha yake. Ujumbe mwingine ulikuwa umejipanga nyuma, umevaa makoti ya mvua, hausukumani, kitu ambacho shuleni kwetu hakijawahi kutokea. Na pale mlangoni alisimama mtu mmoja na fimbo yake, ananong'ona huku, anageuka, ananong'ona kule. Alikuwa na mabega ya Babu.

"Babu, adapta ni mshenga," nikasema, sijui kama ni usingizini.

Shangazi alifumba macho. Lakini Babu, ambaye ndiye anayetumwa kupeleka posa za kijiji kizima, akanigeukia. "Endelea, wee mtoto."

Nikaendelea. Mfumo chanzo ni nyumbani kwa kijana, mfumo pokezi ni nyumbani kwa binti. Hawa na hawa hawajui kuongea wao kwa wao. Mshenga anasikia neno kwa namna ya huku, analisema kwa namna ya kule. Kujua kwamba jina hili la huku ndilo lile la kule, hiyo ndiyo ramani. Akikuta wenyeji wana shughuli, anasubiri kwenye benchi, hiyo foleni. Akipokelewa, anarudi kusema amepokelewa.

Shangazi alinitazama kama mtu aliyemkuta mbuzi wake anasoma gazeti.

Babu akatafuna taratibu. "Kubeba maneno kila mtu anaweza," alisema. "Kuna baba alinituma akiwa amelewa rubisi, niende nikawatukane wakwe. Sikufika. Nilikaa kichakani mpaka akalala. Hiyo yenu ina akili ya kukaa kichakani?"

Shangazi akainuka. Alibeba kompyuta yake, tukamfuata mpaka kwenye banda la mizani. Kabla hajaweka kitu, nikapanda juu ya mizani, nikajikunja kama gunia.

"Robusta safi," nikasema. "Imekauka vizuri."

"Shuka."

"Mwache," Babu alisema. "Mtume hivyo hivyo."

Shangazi akabonyeza. Mtandao wa kule unapita kama wingu, tukasubiri upite. Mwanga ulizidi kulegea. Kisha shangazi akasoma kwenye kioo cha kompyuta: ujumbe umekataliwa, hauna namba ya mwanachama.

"Sasa umekwenda wapi?" Babu akauliza.

"Umewekwa pembeni, Taata. Kuna sehemu ya ujumbe uliokwama. Haupotei, na Bukoba haufiki, mpaka mtu auangalie."

"Kichakani."

"Ndiyo, Taata. Kichakani."

Babu alicheka kwa mabega tu. Akasema kesho baada ya misa atawaambia wanachama wajaribu msimu huu, na kwamba shangazi atawaeleza kwa maneno yangu, si yake. Shangazi alikaa juu ya gunia tupu, akapumua kama mtu aliyetua ndoo.

Wanachama walikubali. Shangazi bado ana kazi, na kwa sababu anazozijua mwenyewe hajaufuta ujumbe ule wenye uzito wangu. Kwa hiyo hata sasa, mwalimu akidhani nipo darasani, mimi nipo mahali fulani kati ya Muleba na Bukoba, kahawa isiyo na mwenyewe, nimetulia, nasubiri kuangaliwa.