Daftari la Redio la Shangazi

Juzi mjukuu wangu, anayesomea ualimu, alikuwa sebuleni akijizoeza kufundisha kwa kompyuta. Akaniomba niwe mwanafunzi wake. Nilikaa kidogo, nikatoka nje. Wewe ndugu yangu nitakueleza kwa nini.

Miaka ya sitini tuliishi kijiji cha Kiyeyi, karibu na Tororo, nami nilikuwa msichana wa darasa la tano. Shangazi yangu, kitinda mimba kwa kina baba, alisomea ualimu Tororo. Redio za betri ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia madarasani, na wanachuo walifunzwa kufundisha nazo. Likizo alirudi na redio ya kuazima, akatukusanya watoto kando ya jiko, bibi akikaanga simsim hadi mate yanatutoka. "Redio haiwaoni watoto," alizoea kusema. "Macho ni ya mwalimu." Kabla ya kipindi alitugawia mbegu, majani na mizizi; sauti ikitaja mzizi, sisi tunauinua juu. Kilichotufurahisha na kilichotuchosha, vyote aliviandika kwenye daftari la buluu.

Alikuwa na rafiki wa chuoni, binti wa Busia ya upande wa Kenya. Kwetu alikula kama mtoto wa nyumbani. Bibi alimwekea kunde za karanga hata kabla hajafika. Chuo kingemchagua mmoja tu aende Kampala kusomea kutangaza vipindi vya shule redioni, na wote wawili waliitamani nafasi hiyo.

Jumamosi moja nilikuwa peke yangu, napepeta wimbi, yule rafiki wa shangazi akaja.

"Nimeonana na shangazi yako sokoni," akasema. "Amesema unipe daftari lake la redio."

"Lile la buluu?"

"Hilo hilo. Una akili sana wewe."

Nilikimbia kulileta. Sifa ile ilinilevya siku nzima.

Jioni shangazi alipekua nyumba, akageuza hadi godoro. Ndipo nikajua nimedanganywa. "Au nimeliacha chuoni?" akajiuliza. Woga ukanishika. Nikamjibu, "Labda."

Siku ya mtihani wanachuo walikuja kufundisha darasa letu mbele ya mkaguzi. Rafiki alitangulia. Akatugawia mbegu, majani na mizizi. "Sauti ikitaja mzizi, inueni mzizi," akasema. Shangazi alikuwa amesimama nyuma akingoja zamu yake. Nilipogeuka kumtazama, alikuwa ameikodolea macho mizizi mikononi mwetu.

Zamu yake ilipofika, mkaguzi akamkatiza. "Mbona unamwiga mwenzako? Wewe huna lako?"

Shangazi alimtazama rafiki yake. "Mwambie," akasema. "Tafadhali, mwambie."

Yule alikuwa anakunja waya wa antena. Hakuinua kichwa.

Ndiye aliyekwenda Kampala. Baadaye sauti yake ikaanza kutoka katika redio ya shule yetu, shule ile ile aliyopangiwa shangazi kufundisha. Kipindi kikianza, shangazi alimwachia mwalimu mwingine darasa, akaenda kupalilia bustani mpaka kiishe. Bibi naye hakumtaja tena yule binti.

Vipindi vile vimekwisha siku nyingi. Jiko la bibi limeanguka, pale pameota nyasi. Shangazi tulimzika akiwa mzee, na mpaka mwisho alijilaumu kwamba ni uzembe wake, kwamba aliliacha daftari chuoni likaokotwa. Nilimuuguza miezi minne, nikimlisha uji kwa kijiko, na sikumwambia.