Sabufa Mbili na Kuku wa Mama

Baba yangu aliendesha mashine ya kusaga unga kule Busia tangu kabla sijazaliwa. Mashine ile ilitulisha sote, ila ilimla baba masikio. Si yote. Sauti nyembamba ndizo zilizoondoka: ya mama, ya simu, ya ndege asubuhi. Zile nene zilibaki. Lori likipita barabara ya kwetu Iyolwa, baba ndiye wa kwanza kugeuza shingo.

Alipoiacha kazi akarudi nyumbani, akaanza kukaa nje kila jioni, peke yake. Sisi tuko sebuleni tunacheka, yeye anauliza, "Nini?" Tunarudia. "Nini?" Mwishowe akasema anapenda upepo. Mimi huo upepo sikuuamini hata kidogo. Huyu ni mtu aliyepiga ngoma kanisani mpaka wazee wakasahau kwamba magoti yanawauma. Nikajiambia: nitamrudisha ndani, na kitakachomrudisha ni mdundo.

Nina kibanda cha kuuza chaja na kava za simu mjini Tororo. Kichwani, hata hivyo, nina kampuni kubwa ya muziki wa harusi, yenye magari mawili na sare za zambarau. Kwa sasa kampuni hiyo ina redio moja na sabufa moja, lile boksi la mbao ambalo kazi yake ni kutoa sauti nene tu.

Niliiweka sabufa kando ya televisheni, nikafungulia. Mlangoni pazia lilitetemeka. Jikoni vikombe viligongana. Nikaenda nikasimama kando ya kiti cha baba, kile cha humo sebuleni: kimya. Mdundo ulikuwa umepotea pale pale tu, kama vile umeambiwa usimsumbue mzee.

Nikavuka mpaka kwenda kwa fundi mmoja wa redio upande wa Kenya. Alinisikiliza huku anatafuna muwa.

"Hizo sauti nene zinagonga ukuta zinarudi," alisema. "Zikikutana vibaya, zinauana. Mzee wako amekaa kwenye kaburi lao. Songesha kiti, sista, mambo iishe."

"Kiti cha baba hakisongeshwi."

"Kwani kimechomelewa?"

Ningemwelezaje? Kiti cha baba kinatazama mlango, ili aone kila anayeingia. Hakikaliwi na mtu mwingine, hata awe mgeni kutoka mbali. Tulipopiga sakafu saruji, kilitolewa nje asubuhi, na mama akasimamia mwenyewe kirudi mahali pake bila kuhama hata upana wa kidole.

"Basi chukua ya pili," fundi akasema, kwa tabasamu la muuzaji. "Hapo moja inaponyamaza, mwenzake anaongea." Kisha akanifundisha namna ya kuitafutia mahali: iweke kwenye kiti cha msikilizaji, ipige muziki, halafu wewe tambaa kandokando ya kuta. Ukifika mahali mdundo ni mtamu, hapo ndipo pake.

Nilingoja baba aende senta, kule madukani. Nikaipandisha sabufa mpya kwenye kiti chake, juu ya kitambaa cha mama cha kufuma, nikafungulia, nikashuka magotini. Nilikuwa nimefika kabatini shangazi alipoingia.

"Wewe! Umeangusha nini?"

"Natafuta sauti, shangazi."

"Chini ya kabati?" Akatazama kiti, akashika kifua. "Na nani amekalisha sanduku kwa kiti ya kaka yangu? Wenzako wananunua sufuria, wewe unanunua kelele!"

"Sufuria nazo zinapiga kelele, shangazi. Tena mbaya."

Akakaa chini kunitazama, kama aliyelipia kiingilio.

Nilitambaa mpaka kona ya nyuma, na hapo, jamani, mdundo ukanijaa kifuani. Mtamu, mnene, umekamilika. Nikainua kichwa ili nicheke, nikakutana uso kwa uso na kuku wa mama. Alikuwa ndani ya katoni, ameatamia, na jicho lake halikuwa na urafiki.

Mama alitokea kabla sijasema neno. Kwetu kila mtu anajua kwamba radi ikinguruma huua vifaranga ndani ya mayai. Ndiyo maana mama huweka kipande cha makaa kwenye katoni, radi ipite mbali.

"Umeleta radi ndani ya nyumba," alisema polepole, "unataka kuiweka jirani na mayai yangu?"

"Tumhamishe kuku, mama."

"Ukimhamisha anasusa mayai. Hamisha hiyo sanduku yako."

"Mama, ni ya baba." Nilishindwa kumtazama. "Nataka arudi kukaa na sisi."

Mama akaenda jikoni, akarudi na kipande kingine cha makaa, kikubwa zaidi, akakiingiza taratibu chini ya bawa la kuku.

"Ile ni ya mvua," akasema. "Hii ni ya kwako. Na mayai ikiharibika, utaatamia wewe."

(Vifaranga walitoka salama. Mama anasema ni makaa.)

Jioni nilimgusa baba begani, nikamwonyesha kwa mikono kwamba nje mbu wamezidi. Akaingia. Akakitazama kiti chake, kitambaa kimekaa upande.

"Nani amekaa hapa?"

Sote tukatazama dari, shangazi akiwa wa kwanza.

Alipokaa, nikafungulia wimbo wa harusi wenye ngoma, sabufa moja mbele, ya pili nyuma yake. Uso wa baba haukubadilika. Nikahesabu nguo zote ambazo ningeweza kushonesha kwa pesa ya ile sabufa. Halafu akavua kandambili moja, akaweka unyayo kwenye saruji. Akavua ya pili. Akalaza viganja kwenye mikono ya kiti, akakunja uso.

"Huyu mpiga ngoma anakimbia!" akapaza sauti, kama anashindana na mashine ya unga. "Anafukuzwa na nani?"

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Baba hakumsikia, lakini alimwona, akaanza kupiga mkono wa kiti kwa mwendo aliouona sawa.

Baba huniita mama, kwa kuwa nimechukua jina la mama yake. "Mama," akaniambia bila kuacha kupiga, "mwambie apunguze mwendo. Mimi namngoja hapa hapa."